Breki za Tela la Baba

Jumatatu, 2 Machi

Kaka alinunua madaftari haya kwa ajili ya kumbukumbu za gereji, akakosea, akaleta yenye tarehe zilizochapwa juu ya kila ukurasa. Mafundi wakayakataa. Mimi nimechukua moja. Kama lina tarehe, basi linataka habari za siku na siyo namba za magari, na habari ninazo.

Habari ya leo ni kwamba mvua imeanza. Ilianza saa nne asubuhi, bila haraka. Gereji yetu ina bati jipya upande wa mafundi wa injini na bati kuukuu upande wangu wa umeme, kwa hiyo mvua moja ina sauti mbili. Nilikaa kwenye kiti cha gari la mteja, mlango wazi, miguu nje, nikasikiliza mpaka chai ikapoa. Fundi Springi, ambaye kazi yake ni springi, ekseli na maneno ya watu, akapita akanichungulia.

"Bi Mita, ukitaka kulala kazini, lala na mdomo umefumba."

Wananiita Bi Mita kwa sababu mita ya kupimia umeme haitoki shingoni kwangu.

Saa nane Baba akaingia na pikapu yake, nyuma tela la maziwa. Kila asubuhi anapanda kituo cha juu, anajaza tangi, anashuka nalo mpaka kiwandani. Mwaka wa ishirini na tatu huu. Alizima gari lakini hakushuka. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, tela linanisukuma."

"Linakusukuma vipi, Baba?"

"Nakanyaga breki, gari linashika, tela halishiki. Linanijia mgongoni na uzito wake wote. Si mara zote. Na kile kiboksi chako kinakonyeza."

Kiboksi ni kidude nilichokifunga mwenyewe chini ya dashibodi. Dereva akikanyaga breki, kiboksi kinapeleka umeme nyuma, kwenye sumaku zilizomo ndani ya magurudumu ya tela, na sumaku ndizo zinazokamata. Kina kitaa cha kijani. Kikitulia, mambo shwari. Kikikonyeza, kuna umeme unaopotea njiani. Nikamwambia alilete kesho nilipime.

Jumanne, 3 Machi

Baba amelileta limeoshwa, linang'aa, tangi tupu. Ndiyo taratibu. Kiwanda hakiruhusu tangi la maziwa lisogee gereji kabla halijamwagwa na kusafishwa kwa maji ya moto, na Baba ni mtu wa taratibu.

Nimepima kila kitu. Umeme wa betri unafika. Fyuzi nzima. Swichi ya pedali nzima. Plagi ya nyuma nimeifungua, nikasugua pini zote saba, nikapaka grisi yake. Waya wa arthi umekaza. Mwisho nikafanya kipimo ninachokipenda kuliko vyote: nililala chini ya tela, sikio kwenye gurudumu, nikamwomba Fundi Springi abonyeze kiwiko cha kiboksi, kile kijiti cha kushika breki kwa mkono. Sumaku zikaanza kuimba. Ni mlio mdogo, mnene, wa kuendelea, kama mtu anayeimba huku amefumba mdomo. Nje mvua, juu bati, sikioni sumaku. Nilikaa pale chini zaidi ya ilivyohitajika.

"Umekufa huko?" Fundi Springi akauliza.

Nimeandika kwenye kadi: gari na tela vizima.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Taa nne za nyuma, honi moja.

Jumatatu, 9 Machi

Baba amerudi. Ni kona ya tatu ukishuka, anasema, ile inayopinda kuelekea bondeni. "Mimi huwa nazisikia zile sumaku, mwanangu. Nikifungua kioo nazisikia zinaimba. Pale konani zinanyamaza."

Nikapima upya. Nikatikisa kila waya unaoonekana, huku nikiangalia kitaa. Hakikutikisika. Nikabadilisha plagi nzima ili nimtoe wasiwasi. Sumaku zikaimba kulia, zikaimba kushoto.

Baba alisimama pembeni, kofia mkononi, akinitazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari. Nilipomwambia sijaona kitu, aliitikia kwa kichwa, akavaa kofia. Nilijisikia vibaya na sikujua kwa nini.

Jumapili, 15 Machi

Chakula cha mchana kwa wazazi. Mvua ilikuwa kali kiasi kwamba tuliongea kwa sauti za juu kama watu wanaogombana, na baadaye tukagombana kweli.

Kaka ndiye anayesimamia gereji na gari la maziwa. Yeye huonana na wenye kiwanda, yeye hutia saini. Alianza kwa utani. "Mzee, wanasema siku hizi unashuka ule mlima taratibu mpaka baiskeli zinakupita."

"Zipite," Baba akasema. "Mwenye baiskeli havuti tela lisilo na breki."

"Breki zipo, Baba. Dada amepima mara mbili." Akanigeukia. "Au siyo?"

Mama aliacha kupakua. Wote wakanitazama. Ningeweza kusema kwamba kupima na kuona ni vitu viwili. Nikasema, "Nimepima mara mbili. Sijaona tatizo."

"Basi tatizo halipo kwenye tela," Kaka akasema, sasa bila utani. "Miaka sitini na nane, Baba. Mtu akichoka si aibu."

Baba aliweka glasi yake mezani polepole. Alinitazama mimi, si kwa hasira, ila kama mtu aliyeita jina akaitikiwa na mtu mwingine. Kisha akauliza kama chumvi ipo.

Jumatano, 18 Machi

Baada ya chakula usingizi ulinichukua kwenye kiti cha gari. Niliota waya wa bluu umetandazwa barabarani tangu gereji mpaka kituo cha juu, nami naufuata kwa miguu, nikiupitisha vidoleni nikitafuta palipokatika. Haukukatika popote. Ulipita katikati ya nyumba ya wazazi, chini ya meza, kati ya miguu ya Baba. Nikaamka nimeshika mkanda wa kiti.

Waya wa bluu ndio wa breki. Si ajabu kuuota, kwa jinsi nilivyoushika mwezi huu.

Jumamosi, 21 Machi

Mvua haikukatika tangu alfajiri. Hakuna wateja. Fundi Springi amepanga springi zake kwa ukubwa, halafu kwa uzee.

Jumanne, 24 Machi

Naandika, maana nikinyamaza nitaona lile tela tena.

Saa tatu na nusu asubuhi Kaka alipigiwa simu. Alisikiliza, akachukua ufunguo, akasema neno moja tu, "Baba." Nikaruka ndani ya gari lake na nguo zangu za kazi.

Kona ya tatu. Pikapu ilikuwa imesimama mshazari, pua kwenye ukingo wa barabara. Tela lilikuwa mtaroni, limelala ubavu, kifuniko cha tangi kimefunguka. Maziwa yalikuwa yanateremka mlima pamoja na maji ya mvua. Barabara nzima ilikuwa nyeupe, kisha rangi ya majivu, kisha maji ya kawaida, na sisi tulikuwa tunapanda tukiyakanyaga. Hakukuwa na kelele yoyote. Watu walisimama kando na miavuli wakitazama maziwa yakipita miguuni mwao.

Baba alikuwa ameketi juu ya jiwe, mzima, hana hata mkwaruzo, amelowa chapachapa. Nilimkumbatia. Alikuwa baridi na alinuka maziwa.

"Limenisukuma," aliniambia sikioni. "Nimekwambia, linanisukuma."

Kaka alizunguka pikapu mara moja, akazunguka tela, akarudi akasimama mbele yetu. Naye alikuwa ameogopa, sasa naliona hilo. Wakati ule niliona ukali tu.

"Baba, naomba ufunguo."

"Ufunguo upo kwenye gari."

"Naomba useme umenipa."

Mvua ilipiga kofia ya Baba, maji yakadondoka mbele ya macho yake. Akasema, "Chukua. Mimi sijakupa."

Tulilinyanyua tela kwa winchi saa saba, tukalivuta hadi gereji. Tangi limebonyea upande mmoja, taa moja imevunjika, basi. Nikapima breki hapo hapo, viatu vyangu vikitoa maji. Kitaa cha kijani, kimetulia. Sumaku zinaimba, zote mbili. Nilitaka sana zinyamaze.

Kaka alisimama nyuma yangu na kadi. "Sema ukweli. Ni zima au si zima?"

"Zinafanya kazi."

"Basi andika."

Nikaandika. Nikatia saini. Kwa saini hiyo Baba yangu si dereva tena.

Ijumaa, 27 Machi

Kaka ameanza kuendesha mwenyewe. Asubuhi amepanda, amerudi salama. Anasema breki ni kama za gari jipya. Fundi Springi, ambaye kwa kawaida hana siku bila neno, alirudi kwenye springi zake.

Jumatatu, 30 Machi

Nilipita kwa wazazi saa kumi. Baba alikuwa ukumbini, kiti kimeelekea dirishani, redio imezimwa. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akaniuliza habari za gereji kama mgeni anavyouliza. Hatukutaja tela.

Mama alinivutia jikoni. "Kila siku anaamka saa kumi na moja alfajiri," akasema huku akipangusa kikombe kilichokwisha kukauka. "Anavaa. Anavaa mpaka koti. Kisha anakaa pale. Mwanangu, mimi sijui umeme. Ila nimeishi na huyu mtu. Akisema mlango unavuja hewa, nenda kautazame mlango."

"Nimeutazama, Mama."

"Sawa. Mimi nimesema tu."

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua.

Jumatano, 8 Aprili

Kaka amemaliza karibu wiki mbili bila hitilafu yoyote. Kitaa hakijakonyeza hata mara moja. Leo ameniambia amepata mtu wa kununua pikapu pamoja na tela. Atakuja kuvichukua Jumamosi ya tarehe kumi na nane. Kiwanda kitatafuta gari lingine. "Ni bora hivi," alisema. "Likiwepo uwanjani kila siku Baba hatatulia."

Anajua kusema mambo ya kuumiza kwa sauti ya huruma, Kaka yangu. Zamani niliona ni unafiki. Leo nilimtazama anavyokwangua tope kwenye kiatu, uso wake mzito, nikaona kwamba hana usingizi kama sisi wengine.

Jumamosi, 11 Aprili

Kuna jambo nimelisikia leo na sijui kama ni jambo.

Kaka alikuwa anaongea kwenye simu na mtu wa kiwandani, mimi niko chini ya dashibodi ya teksi, nimeshika waya mdomoni. Nikamsikia anasema, "Bado ni nusu tangi. Barabara ya mashamba ya juu imekatika tangu mwezi uliopita, maziwa ya kule hayashuki."

Nusu tangi.

Niliutoa waya mdomoni. Nikabaki nimelala vile vile, natazama chini ya dashibodi, na mvua ikawa mbali kabisa. Kaka anashuka na nusu. Mimi napima likiwa tupu, limeoshwa, limekaushwa, kwa taratibu. Siku ya mtaroni nilipima likiwa limeshamwaga lote. Hakuna hata mmoja wetu aliyelijaribu likiwa limejaa. Baba peke yake ndiye amekuwa akishuka na tangi lililojaa.

Jumapili, 12 Aprili

Gereji imefungwa Jumapili. Nilimwomba Fundi Springi aje, akaja amevaa shati lake la kutokea, akasema kama ni posa angeambiwa mapema.

Tulifunga tela kwenye pikapu. Tukavuta mpira wa maji kutoka bombani mpaka kwenye mdomo wa tangi, tukafungulia. Yeye akaketi kwenye usukani, mkono kwenye kiwiko cha kiboksi, macho kwenye kitaa. Mimi nikalala chini, sikio kwenye gurudumu la kushoto. Nikamwambia asiachie.

Maji yalikuwa yanaingia juu yangu, nayasikia yanapanda ndani ya tangi, sauti yake ikinenepa kadiri yanavyopanda. Sumaku ziliimba. Mvua ilikuwa nyepesi, ya kupapasa. Sijui tulikaa muda gani. Nusu saa, au zaidi. Nilianza kuona kana kwamba niko chini ya ziwa na kuna mtu ng'ambo anaimba. Springi zililalia kidogo kidogo, chuma kikaguna. Fundi Springi, jicho moja kwenye kioo cha pembeni, akaita alama za lita zilizo ubavuni mwa tangi kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo: "Mia nne. Mia tano. Mia sita."

Akasema, "Mia saba na nusu," na sumaku zikanyamaza.

Zilikoma katikati ya mlio, bila kufifia.

"Bi Mita!" akapiga kelele. "Kinakonyeza! Haki ya nani, kinakonyeza!"

Nilikuwa nalia chini ya tela.

Tulifunga maji. Kwa kuwa sasa ugonjwa ulikuwa umesimama mbele yetu, kuutafuta hakukuchukua muda. Nilikata umeme sehemu moja moja. Mbele, safi. Plagi, safi. Waya mrefu wa chini ya tela, safi. Ikabaki sehemu moja isiyoonekana, pale waya wa bluu unapoingia kwenye tundu la ekseli, ukapita ndani ya bomba la chuma kwenda gurudumu la pili. Tangi likijaa, springi zinalala, na kwenye kona ya tatu zinalala zaidi, waya unavutwa, na kilichomo ndani kinabanwa kwenye mdomo wa tundu. Kikigusa chuma, umeme wote unapotelea hapo, kiboksi kinajizima kwa kujilinda, na tela halina breki hata kidogo.

Tulimwaga maji, nikauvuta waya nje. Nikajua kabla sijauona. Vidole vyangu vilijua.

Palikuwa na kiungo. Nyaya mbili zimesokotwa, hazikulehemiwa, zimefungwa tepu ya umeme mizunguko mitano. Tepu imelika, shaba inang'aa. Mimi huanza kuzungusha tepu kutoka kushoto kwa sababu natumia mkono wa kushoto. Hakuna fundi mwingine wa mkono huo hapa.

Miaka sita iliyopita, ekseli ilipobadilishwa, hii ilikuwa kazi yangu ya kwanza kubwa. Waya ulipungua kiasi cha kiganja. Ilikuwa inanyesha siku hiyo pia. Badala ya kutoa waya wote na kupitisha mwingine mzima, niliunga, nikakisukuma kiungo ndani ya bomba ambako hakuna jicho litakalofika. Baba alikuwa amesimama juu yangu ameshika mwavuli ili nisilowe. Alisema, "Una mikono ya fundi, mwanangu." Nami nikapokea sifa ile na kiungo kiko ndani.

Sitaandika kwamba nilisahau. Nilijisahaulisha, ambayo ni kazi nyingine kabisa na inachukua nguvu. Mwezi mzima nimepima kila kitu isipokuwa pale.

Fundi Springi alikitazama kiungo mkononi mwangu, akanitazama usoni. Yeye huniona nikifunga tepu kila siku. Akavua shati lake la kutokea, akalitundika, akasema, "Tutapitisha waya mzima, kwa nje, tuufunge klipu na mpira. Lete mkasi."

Jumatatu, 13 Aprili

Nilianza na Kaka. Nilimwekea kipande cha waya mezani, nikamweleza mwanzo mpaka mwisho, tangi, springi, tundu, tepu, mkono wangu. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliketi, akafunika uso kwa viganja.

"Barabara ya mashamba ilikuwa ifunguliwe wiki hii," akasema. "Ningejaza tangi. Ningeshuka nalo nikiimba." Kisha, "Mnunuzi nitamwambia aache. Ila Baba, nani atamwambia?"

"Mimi."

"Twende wote?"

"Kiungo ni changu. Nitaenda mwenyewe."

Baba alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, na koti lake. Nilikaa chini, kwenye zulia, kama nilivyokuwa nakaa utotoni. Nikamwekea waya kwenye goti. Aliugeuza, akausogeza karibu na jicho, akapitisha kidole kwenye shaba iliyo wazi.

"Kwa hiyo lilikuwa linanisukuma."

"Lilikuwa linakusukuma, Baba. Na mkono ulioharibu ni wangu. Nisamehe."

"Hili?" Aliinua waya. "Hili nimekusamehe tangu ulipoingia na uso huo. Ulikuwa mwanafunzi, waya ulipungua." Akauweka dirishani. Midomo yake ilianza kutetemeka na nilidhani atalia, lakini ilikuwa hasira, hasira ambayo sijawahi kuiona kwa Baba. "Lakini siku ile mezani. Kaka yako hajui umeme. Mama yako hajui. Wewe unajua. Ungesema tu, 'Sijaona, lakini Baba hasemi uongo.' Maneno matano. Ulishindwa nini?"

Nilihesabu yale maneno njia nzima ya kurudi, kwa miguu, kwenye mvua.

Jumanne, 14 Aprili

Hapokei simu yangu. Mama anasema niache kwanza.

Jumatano, 15 Aprili

Kaka alimpelekea Baba ufunguo. Umebaki juu ya meza.

Alhamisi, 16 Aprili

Mvua ya asubuhi, jua la saa saba, mvua tena. Nimelijaza tela maji mpaka juu mara tatu. Linaimba tu.

Ijumaa, 17 Aprili

Bado uko juu ya meza.

Jumatatu, 20 Aprili

Saa mbili asubuhi niko chini ya gari nikaona viatu vya Baba. Vimepakwa rangi. Nikatoka kwa mgongo, uso umejaa vumbi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umefunga kwa nje?"

"Kwa nje. Waya mmoja mzima. Kila klipu utaiona ukiinama."

Akainama. Ilimchukua muda, magoti yake si ya jana. Alizigusa klipu zote, moja baada ya nyingine, upande wa kushoto na wa kulia, huku Fundi Springi akijifanya anatafuta spana. Aliposimama alijipangusa mikono.

"Barabara ya juu imefunguliwa. Keshokutwa nabeba tangi zima. Utapanda na mimi."

Hakuuliza kama nina nafasi. Furaha ilinijaa mpaka nikaogopa kuongea.

Jumatano, 22 Aprili

Tumeondoka kituo cha juu saa mbili na nusu, tangi limejaa mpaka shingoni. Ukungu ulikuwa umelala barabarani, mvua haikuwa mvua hasa, ni unyevu uliokuwa unatembea. Baba alifungua kioo ili asikie. Kona ya kwanza ikaja, akakanyaga, na nyuma yetu uzito ule wote ukatii. Kona ya pili. Ya tatu nilifumba macho, sikujizuia, nikaona ndani ya kope zangu barabara nyeupe ikiteremka. Nilipofumbua tulikuwa tumeshaipita. Kitaa kilikuwa cha kijani, kimetulia, na Baba alikuwa anatikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikiliza muziki. Nilitamani mlima uwe mrefu zaidi.

Nje ya geti la kiwanda alisimama. Kila siku, kwa miaka yote hii, yeye hulirudisha tela kinyumenyume mpaka kwenye mlango wa kupokelea. Leo alivuta breki ya mkono, akakaa.

"Shuka, zunguka, uje ushike usukani," akasema. "Wewe ndiye utarudisha."

"Kwa nini, Baba?"

"Kwenye kioo cha kushoto sioni vizuri. Kukiwa na mvua ndiyo kabisa." Akagusa chini ya jicho kwa kidole. "Ni hili."

"Tangu lini?"

"Tangu mwisho wa mwaka jana."

"Baba! Mbona hukusema?"

Alitazama mbele, wipa zikipanda na kushuka. "Nilitaka kuwaambia. Nikaanza na la tela, mkaniambia nimechoka. Ningewaongezea na la jicho?" Akafungua mlango. "Sasa la tela limeaminika. Na hili nalisema."

Nikamshika mkono, akaniachia niushike. Kisha tukabadilishana viti. Yeye hakukaa kwangu. Alikwenda nyuma, akasimama kwenye mvua upande wa kushoto, akainua mikono yote miwili kuniongoza. Nilimwona vizuri kabisa kwenye kile kioo, koti limelowa, anapunga, njoo, njoo, kulia kidogo, njoo. Nikarudi nyuma taratibu sana kumfuata yeye.

Jumamosi ana miadi na daktari wa macho. Baba atamwambia Kaka kwa mdomo wake mwenyewe wakati wa chakula, amesema, na mimi nimeahidi kwamba siku hiyo mezani nitakaa upande wa Baba.